Dakika Arobaini na Tano kutoka Reykjavík

Marehemu Hallfríður Jónasdóttir alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 mjini Siglufjörður, mtoto wa kwanza wa Jónas, fundi wa mapipa ya samaki, na mkewe Sigurlín. Alisoma hapo hapo, kisha akaja mji wetu huu wa Akureyri kwenye chuo cha maarifa ya nyumbani, alikojifunza kupika na, kwa maneno yake, “kuvumilia walimu.”

Mwaka 1968 aliajiriwa katika mkahawa wa uwanja wa ndege wa Akureyri, akadumu hapo hadi kustaafu. Abiria walipolalamika kucheleweshwa, aliwajazia kahawa. “Reykjavík ni kilomita mia mbili na hamsini tu, dakika arobaini na tano. Kaeni mnywe, ukungu nao una kazi zake.”

Tarehe 20 Juni 1970 aliolewa na Þorleifur, fundi mitambo wa meli, aliyemtangulia mwaka 2009. Walijaliwa mtoto mmoja, Steingrímur, ambaye kazi ilimpeleka Reykjavík. Kila alipokuja alipiga simu akipanda ndege, na hapo hapo mama alianza kukoroga unga wa chapati za maji. Kijana akifungua mlango, ya kwanza inanyunyiziwa sukari na kuviringishwa. Lakini ukaribu huo ndio uliomponza kijana wetu. Safari ya saa tano kwa gari mtu huipangia siku. Hii ya dakika arobaini na tano aliisogeza wiki ijayo, kila wiki.

Vuli iliyopita moyo ulianza kumsumbua Hallfríður. Alimkataza mdogo wake Jórunn, anayesoma wasifu huu, kumwambia mtu yeyote. Ijumaa tarehe 7 Februari 2025 Steingrímur alikuwa na tiketi ya saa kumi jioni. Mchana mama akampigia.

“Usije, mwanangu. Ukungu umefunga, hata nyumba ya jirani siioni.”

“Kweli, Mama?”

“Mimi nikudanganye habari za ndege?”

Hakukuwa na ukungu. Miguu ilikuwa imemvimba, na hakutaka mwanawe amwone vile. Steingrímur naye alijua kwamba hakuna ukungu. Dirisha la ofisi yake linatazama uwanja wa ndege, na saa kumi aliiona ndege yake ikipaa bila yeye. Angeweza kuuliza. Alikuwa na kazi mezani, akashukuru moyoni, akaketi.

Jórunn alitaka kuliruka jambo hili. Jana jikoni Steingrímur, aliyemsimulia hayo mwenyewe, alikataa.

“Lisome, mama mdogo. Usinifunike.”

“Mbele ya watu wote?”

“Mbele yao.”

Basi na lisomwe lote, pamoja na lile ambalo yeye mwenyewe hajalisikia. Ijumaa ile, saa kumi ilipogonga, Hallfríður aliomba kuinuliwa kitandani. Akajikokota hadi jikoni, akakoroga unga, akaweka kikaango tayari.

“Si umemwambia asije?” Jórunn akamuuliza.

“Nimemwambia. Labda hataniamini.”

Walisikia ndege ikitua. Wakangoja hadi giza lilipoingia, kisha akaomba kurudishwa kitandani.

Hallfríður alifariki dunia nyumbani kwake alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili na mdogo wake Jórunn. Steingrímur aliwasili juzi, na ndege haikuchelewa hata kidogo.

Apumzike sasa. Jiko tumelizima.