Mke Haarifiwi

Kwenye tuktuk kutoka Ahero, jamaa mmoja alikuwa akimwandikia mkewe kwa Kiingereza kwamba mama yake anahamia kwao: "I wish to inform you..." Mama tuliyebanana naye akachungulia ile simu.

"Inform ni ya chifu, bwana. Mke haarifiwi, anaombwa. Andika request."

"Nikiomba atakataa, mama. Announce je, nitangaze?"

"Atafikiri kuna matanga! Confess. Kiri tu."

"Nikiri kosa gani?"

Mimi nilitazama mashamba ya mpunga nje, masikio yakabaki ndani. Jamaa alikuwa bado anafuta na kuandika tuliposimama Katito. Bikizee aliyekaa mbele na dereva akashuka na kuku wawili, akamgeukia jamaa. "Ondiek, umemwambia nakuja na kuku pia?"