Mama Kasoki na Mutoto Aliyeachwa Njiani

Wewe wa Karuba uliye na ng'ombe zako, wewe wa Omate uliyetoka mu shimo sasa hivi, wasikilizaji wapendwa wote, kaeni kidogo. Leo tunamukumbuka Mama Kasoki. Alikufa juzi, kule Lushebere, kwa kansere ya ziwa, ile ya titi. Alizikwa jana. Mama Kasoki, muuza chumvi. Wengi wenu mulimujua.

Alitoka upande wa Butembo. Akamufuata bwana yake, Papa Mbusa, mpaka Walikale. Wakafungua duka dogo Omate, pale wanaume wanachimba dhahabu. Na alikuwa na mudomo, Mama Kasoki! Wachimbaji wakimusumbua, anawajibu: "Nyinyi munatoa zahabu mu udongo, lakini bila chumvi yangu, hata majani ya sombe inawashinda kula!" Watu wanacheka, wananunua.

Halafu vita ikafika Omate. Ni miaka kumi na mbili sasa. Papa Mbusa alikuwa safarini. Mama Kasoki akakimbilia mu pori na watoto wawili. Kavuo, wa miaka nane, alishika nguo yake. Chantal, wa miezi mine, alikuwa kifuani. Walitembea siku tano kuelekea Masisi. Siku ya tatu Chantal alikufa, na ziwa la kushoto mu kinywa.

Kavuo leo ni mama mwenyewe. Aliniambia hivi: "Mama hakulia. Akaendelea kutembea naye siku nzima, kama anamunyonyesha. Njo watu wakamuambia, 'Mama, weka mutoto, tutakufa wote.' Hatukukuwa na jembe. Tulimufunika na majani. Mama akasema, 'Twende.' Ile tu."

Hawakuchimba kaburi. Hawakuimba. Sikieni vizuri hapo: mutoto hakuzikwa. Na maziwa yaliendelea kuja. Mama Kasoki alikuwa anayakamua njiani, juu ya majani, mpaka yakakauka.

Kule Lushebere, mu kambi ya wakimbizi, alianza tena kuuza chumvi, kwa kikombe. Papa Mbusa akawapata. Lakini jina la Chantal halikutajwa mu ile nyumba. Papa Mbusa anasema: "Niliogopa. Nikisema tu 'mutoto', anatoka inje."

Miaka mitatu iliyopita, akasikia kitu kigumu mu ziwa la kushoto. Kwanza kama punje ya hindi. Kisha kama yai. Hakumuambia mutu. Mwaka muzima, wasikilizaji wapendwa! Kavuo aliona siku moja akimusugua mugongo. Wakamupeleka hospitali, na muganga wa pale akasema ni kansere, ziwa likatwe upesi.

Mama Kasoki akakataa.

Wakasema anaogopa kisu. Wakasema amelogwa. Shemeji yake mumoja akamucheka: "Na uzee huu, ziwa unamutunzia nani?" Mama Kasoki akasimama, akatoka.

Ni muuguzi mumoja, Mama Josiane, aliyemufuata inje, akaketi naye kwenye majani. Akamuuliza: "Mama, ile kitu mu ziwa, we mwenyewe unaonaka ni nini?"

Mama Kasoki akaweka mukono pale, upande wa kushoto. Kisha akasema: "Ni maziwa ya Chantal. Hakuimaliza. Iligeuka jiwe. Njo ile tu ilibakia ya mutoto wangu, dada. Munataka kuitupa wapi?"

Basi. Mwaka muzima hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa anamutunza mutoto wake.

Josiane hakucheka. Akamushika mukono: "Mama, haiko maziwa. Ni ugonjwa, na iko inakukula. Lakini nimesikia." Ndipo Mama Kasoki akaweka sharti moja: "Mukate. Lakini munirudishie, niizike. Chantal hakuzikwa." Josiane akaahidi.

Alipasuliwa. Alipoamuka, neno la kwanza: "Iko wapi?" Josiane alikuwa ameitwa chumba kingine, kuna mama anazaa. Hakuna mwingine aliyejua ile ahadi. Kilichokatwa kilikuwa kimekwisha kupelekwa kwenye moto, vile sheria ya hospitali inasema. Kavuo alimuambia mama yake. "Akageukia ukuta," anasema Kavuo. "Akasema tu, 'Na safari hii tena.'"

Kidonda kilipona kwa wiki tatu. Mama Kasoki mwenyewe hakupona. Hakula vizuri. Chumvi akaacha kuuza.

Siku moja Josiane akapanda pikipiki mpaka Lushebere. Akapiga magoti mulangoni. "Mama, niliahidi, sikutimiza. Unisamehe."

"Simama, dada, utachafua iyo nguo. Ingia."

Na siku ile, mara ya kwanza kwa miaka yote, alimusimulia juu ya Chantal. Nywele zake. Vile alikuwa anashika sikio la mama yake akinyonya. Aliongea mpaka maharagi ikaungua. Papa Mbusa alikuwa inje, nyuma ya mulango, analia. Tangu siku ile Josiane alikuwa anarudi kila wiki, na Mama Kasoki akaanza kula.

Lakini kansere ilikuwa imefika mu mifupa. Ule mwaka wa kukaa kimya njo ulimuua. Mwishoni aliita padri: "Siku yangu ikifika, muite majina mawili. Sitaki kuingia mule peke yangu."

Pole, Papa Mbusa. Pole, Kavuo. Pole na wewe, Mama Josiane, unayejilaumu mpaka leo. Na wewe unayesikiliza, kama kuna kitu kigumu kifuani mwako, nenda kwa muganga leo. Na wewe unayemupeleka mama yako, usimuambie anaogopa kisu. Muulize anabeba nini.

Jana padri alisimama mbele ya shimo, akasema: "Tunamuzika Kasoki. Tunamuzika Chantal, wa miezi mine." Watu wa kambi wengi walikuwa wamekimbia vita kwa njia ile ile, wakaacha watu wao njiani. Mama mumoja akasogea, akaita jina la mutoto wake. Muzee akaita la muke wake. Mwingine tena, na mwingine. Padri akafunga kitabu, akangojea. Kavuo aliyahesabu: majina kumi na saba. Kaburi moja.