Neno Alilokwenda Nalo Kufuli

Nyuma ya hospitali ya uzazi, pale mtaa wa Médina mjini Dakar, pana benchi la mbao lililoegemea ukuta, na mbele yake Adja Rokhaya huweka birika lake la kahawa ya Touba, ile yenye ukali wa pilipili unaokwangua koo na kuamsha akili. Wanaokalia benchi hilo si wavivu. Ni mafundi wa mtandao wa maeneo yale: Nyuzi, anayetandaza kebo chini ya ardhi, Profesa Diatta, anayefundisha kompyuta chuoni, na Ndiaga, ambaye wenzake walimbandika jina la Kivuli kwa sababu miaka yote alitembea nyuma ya bosi wake, Latyr Sarr. Latyr mwenyewe walimwita Kufuli. Ndiye aliyeujenga mtandao wa hospitali na kuulinda, mpaka wiki iliyopita alipoanguka kwenye chumba cha mitambo, moyo ukasimama, akapelekwa kuzikwa kwao Fatick. Asubuhi hii nafasi yake benchini ilikuwa wazi, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Ndiaga alishika kikombe, kahawa haijapungua hata tone.

— Kunywa, Kivuli, — Adja alimwambia. — Unaniaibisha mbele ya wateja.

— Haipiti, Adja.

— Maabara bado? — Nyuzi akauliza.

— Bado. Umeme wa juzi umeunguza swichi yao ya mtandao. Nimefunga mpya, nimebadili waya, nimepima kila tundu. Taa zinawaka. Lakini nikiiita mashine ya maabara, kimya. Kile kisanduku cha ulinzi kinaikataa. Kufuli alikifundisha kisipokee mgeni yeyote asiyetambulishwa na yeye mwenyewe.

— Si uingie ukamtambulishe!

— Kwa paswedi gani, Nyuzi?

Neno la siri la kisanduku kile lilikuwa kichwani mwa Latyr, na kichwa cha Latyr kilikuwa chini ya mchanga wa Fatick. Tangu wezi wa mtandaoni walipoyafunga mafaili ya zahanati moja na kudai walipwe ndipo wayafungue, Latyr hakumwamini mtu. Ndiaga alimsihi neno lile lihifadhiwe pia kwa mkurugenzi. Latyr akacheka: “Siri ya wawili si siri, Kivuli. Tuvuke Tabaski kwanza, tutaongea.” Tabaski, Idi ya kuchinja, waliivuka. Hawakuongea.

— Sasa wauguzi wanapandisha majibu ya damu kwa ngazi, kwenye vikaratasi, — Ndiaga alisema, sauti ikishuka. — Wodini kuna kina mama wawili, wote wanaitwa Ndeye Faye. Mmoja katoka kujifungua, anavuja damu. Leo mfuko wa damu ya mwenzake ulikuwa umeshatundikwa kitandani kwake. Mkunga akasita tu, sijui kwa nini, akamuuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Asingeuliza...

Adja akavuta istighfari.

— Nimejaribu maneno yote ninayoyajua. Imebaki nafasi moja. Nikikosea, kisanduku kinajifuta chenyewe, na hospitali nzima inakatika palepale, hata chumba cha upasuaji.

— Moja inatosha, — Nyuzi akasema. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — Profesa akamkata.

— Imeingia kwa mlango, kama ulivyoingia wewe. Sikilizeni. Mtu huficha kitu pale anapopapenda. Kufuli alipenda mieleka. Weka jina la yule mbabe wao wa Fatick, umemaliza.

— Mtu aliyetukataza kutumia hata majina ya watoto wetu, aweke mwanamieleka? Yule alikuwa mtu wa hesabu. Amechukua namba ya mtambo, akaigeuza nyuma mbele, akabandika mwaka aliohitimu.

— Alihitimu mwaka gani?

Profesa akakuna kidevu.

— Hilo tutalitafuta.

— Haya, mwalimu hajui! Mimi basi nasema hakuweka neno lolote. Mwizi akikuta mlango wazi hukimbia, anajua ni mtego.

— Patupu nilipajaribu mwanzo kabisa, — Ndiaga akasema.

— Basi ni dua, — Profesa akainamia mbele, macho yamemtoka. — Kila akiingia chumba cha mitambo, midomo inacheza. Nilimwona! Dua ya kinga, kila herufi kaigeuza namba, kama waandika hirizi. Ile si paswedi, ni hirizi.

— Midomo ilicheza kwa sababu alikuwa anatafuna karanga, — Adja akasema. — Zangu.

Wakacheka kidogo. Kicheko kikafika kwenye ile nafasi wazi ya benchi, kikafia hapo.

— Nakala mliyohifadhi je? — Nyuzi akauliza. — Akiba haiozi.

— Ipo. Ameifunga kwa neno lilelile.

— Lahaula.

Nyuzi akasema polepole:

— Waserer, watu wa kina Kufuli, wanajua kuongea na wahenga wao. Tumpeleke Kivuli na kibuyu cha maziwa, wamwage juu ya kaburi, amuulize Kufuli mwenyewe.

Hakuwa anatania. Na kibaya zaidi, Ndiaga alijikuta anawaza basi la Fatick linaondoka saa ngapi.

— Asalaam alaykum. Hapa ndipo alipokuwa anakaa Latyr?

Waligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, kajifunga kitambaa cheupe kichwani, mkononi ana mfuko wenye koti, viatu na miwani.

— Alaykum salaam. Ndipo, dada, — Adja akajibu. — Karibu.

— Mimi ni Penda, mdogo wake. Nimekuja kuchukua vitu vyake ofisini.

Akakaa palepale pa kaka yake. Hakujua, na hakuna aliyemzuia. Walimpa pole, mmoja baada ya mwingine, lakini Nyuzi hakuweza kujizuia.

— Dada Penda, utatusamehe. Kaka yako alikuwa na jina la utotoni? Au mnyama aliyempenda, au...

Profesa akamkanyaga mguu. Ikabidi Ndiaga aeleze yote: maabara, kisanduku, nafasi moja iliyobaki. Penda alimsikiliza hadi mwisho.

— Sijui, — akasema. — Aliondoka nyumbani angali kijana. Mambo ya kazi yake hakutuambia kamwe. Alikuwa akituhadithia habari zenu nyinyi, wenzake wa benchini. Ndiyo maana nimepitia hapa. Mama yetu hali, halali. Kuna jambo moja anataka kulijua.

— Uliza, dada yangu, — Profesa akasema.

— Asubuhi ile alikaa hapa, akanywa kahawa, akaingia kazini, basi. Nyinyi ndio mliomsikia mwisho. Alisema nini?

Profesa alifungua kinywa kama mtu mwenye jibu.

— Asubuhi ile... nilikuwa nawaeleza habari za ule waya wa intaneti wa baharini uliokatika.

— Na mimi nikambishia, — Nyuzi akasema. — Nikambishia sana.

— Na Latyr?

Nyuzi aliangalia viganja vyake. Ndiaga alizijua kwa kichwa namba za mashine zote za jengo lile, ghorofa kwa ghorofa. Alikumbuka pia alichosema yeye mwenyewe asubuhi ile: aliomba ruhusa ya Ijumaa. Akilini alimwona Latyr akimgeukia, mkono kifuani, midomo ikitamka kitu. Sauti haikuja. Alijaribu tena, na tena.

— Sikumsikiliza, dada, — hatimaye alisema. — Nisamehe.

Penda akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepiga hodi akaambiwa mwenyeji hayupo.

Ndiaga akaweka kikombe chini, akasimama.

— Silitumii lile jaribio la mwisho. Hatukumjua kiasi cha kulikisia neno lake. Nakwenda kuwaambia wakunga wachape majina ya wagonjwa wote, na damu zao, na tarehe zao za kuzaliwa. Upasuaji wa leo ukiisha, nakifuta kisanduku kwa mkono wangu na kuanza upya.

— Kazi yake yote? — Profesa akauliza.

— Yote.

Nyuzi alikuwa ameshatundika mkoba wa vifaa begani. Profesa akapiga simu chuoni, akasema leo asingojewe.

Walifuata kila waya, ghorofa kwa ghorofa. Ulipofika wakati wa kubonyeza, kidole cha Ndiaga kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu, na wenzake wakatazama ukutani ili wasimwone akilia. Taa zikazimika, zikawaka, na kisanduku kikasahau kila alichofundishwa na Latyr. Jua halijatua, mashine ya maabara ikaitika. Jibu la kwanza kufika wodini lilikuwa la Ndeye Faye, na tarehe yake ya kuzaliwa pembeni. Neno jipya la siri Ndiaga aliliweka mbele ya mkurugenzi na mkunga mkuu, wakalijua wote watatu.

Alipoteremka, Adja alikuwa anasuuza vikombe. Birika lilikuwa tupu.

— Yule dada?

— Kaenda kupanda gari. Kabla hajaondoka kaniuliza na mimi kaka yake alisema nini.

— Ukamwambiaje?

Adja aliendelea kukisuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

— Nilimwambia nilikuwa nakoroga sukari.