Bwana Gramu na Gari Lililoacha Kukwaruza

Wasifu huu umeandikwa na mke wa marehemu na unasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye ameombwa asiruke mstari hata mmoja. Baadhi ya wanafamilia walitaka mengine yaachwe nyumbani. Mkewe amewasikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala na mama yake muuza mboga sokoni. Alipozaliwa alipimwa kwa mizani ya mama yake ya kupimia nyanya, akatoka kilo tatu na robo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na sekondari hadi 1979. Walimu waliandika kwamba ni mtulivu, ana mwandiko mzuri na hapendi kuazimisha rula. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha vipimo, akahitimu Juni 1982, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akaajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na tisa na miezi minane, mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2022.

Wiki yake ya kwanza kazini aliingia sokoni na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, akafika kwenye meza ya mama yake mzazi, akakuta mizani inazidisha gramu arobaini kwa kila kilo. Akaifunga kwa waya na lakiri ya serikali. Mama yake akamwambia, "Wewe mtoto, mizani hii ndiyo iliyokupima ulipozaliwa." Akajibu, "Basi mama, hata mimi nilizidishwa." Mama hakusema naye mwezi mzima. Mwezi wa pili alianza kuwaambia wateja kwamba mizani yake ndiyo pekee ya kuaminika soko zima, na aliyeitengeneza ni mwanawe. Tangu hapo watu walimwita Bwana Gramu. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kusema kwamba mkaguzi huyu alifumba jicho. Mkewe anaomba hilo lishikwe vizuri, maana ndilo lililomponza yeye.

Mwaka 1988 marehemu alinunua gari la spoti kuukuu, jekundu, la milango miwili. Yeye na rafiki yake, fundi wa gereji, waliamua kulishusha. Walikata springi zote nne, duara moja na nusu kila moja, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Kutoka tumbo la gari hadi ardhini vikabaki vidole vinne. Jumatatu yake lilipasua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwenye lango la ofisi, na marehemu akaelewa kwamba springi ikishakatwa haiungiki. Kununua mpya hakutaka. Alisema mwanamume hukaa na alichokikata.

Akakaa nacho miaka thelathini na minne. Alikuwa na daftari la matuta yote ya mji, kila tuta na kimo chake. Safari ya dakika kumi aliifanya kwa dakika ishirini na tano, kwa kuzunguka. Tuta la kawaida alilipanda mshazari, gurudumu moja moja, huku madereva wa nyuma wakimtajia wazazi wake. Kwenye buti alibeba mbao mbili za kuvukia mtaro wa lango lake mwenyewe. Mvua ikinyesha gari lililala, kwa sababu shimo lenye maji halisemi kina chake. Aliwahi kwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akakuta barabara ya ukumbini imemwagwa kokoto, akageuza gari, akarudi nyumbani na zawadi. Bampa ya mbele ilishonwa kwa waya mara nyingi mpaka haikujulikana ipi ni bampa na upi ni waya.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990 na mshona nguo ambaye duka lake lilitazamana na ofisi ya vipimo. Bibi harusi alisafiri ndani ya gari hilo. Kwenye tuta la shule, hatua sitini kutoka lango la nyumba yao mpya, gari lililia chini. Bwana harusi akasema, "Shuka kidogo, mama." Bibi harusi alishuka, akakusanya gauni mikononi, akatembea kando ya gari mpaka lilipovuka. Watoto wa shule walishangilia. Tuta hilo lilikuwa refu kuliko mengine yote, na gari halikulipita likiwa na watu wawili bila kukwaruza. Kwa hiyo mkewe alishuka siku ile, na kila siku waliyotoka pamoja: na mimba mbili, na mtoto mgongoni, na keki ya watu, na mguu uliovunjika. Alimgombeza marehemu kila aliposhuka. Marehemu alicheka kila alipogombezwa. Walikuwa na furaha, wala hakuna haja ya kuficha.

Tarehe 3 Februari 2022 daktari alimwambia marehemu kwamba ana saratani ya tumbo na kwamba imeshasambaa. Siku hiyo alirudi nyumbani, akala, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akalala. Waliojua walikuwa wawili: binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, na fundi wa gereji. Mkewe hakuambiwa.

Mwezi wa tano alimletea mkewe suruali zake zipunguzwe kiuno. Vipimo vyake vilikuwamo kwenye daftari la wateja: inchi thelathini na nane, halafu thelathini na sita, halafu thelathini na nne. Mkewe alipouliza, aliambiwa ni matembezi ya asubuhi ya mstaafu. Akamsifu. Akamwambia amekuwa kijana, asije akatoroka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakuolewa na mkaguzi wa mizani.

Jumapili moja ya Agosti walikuwa wanarudi kutoka kumwona shangazi. Walipofika kwenye tuta la shule mkewe alishika mlango, tayari kushuka.

"Kaa tu, mama," marehemu alisema.

"Nikae?"

"Fundi ameweka springi mpya. Ameliinua kidole kizima."

Gari lilipanda, likashuka, halikugusa. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku mbili baadaye alimpelekea fundi shati alilomshonea kwa mkono wake, la shukrani. Fundi alilipokea, akatazama viatu vyake, akasema, "Ahsante, shemeji." Shati hilo amelivaa hapa leo.

Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023 marehemu alianguka bafuni. Hospitalini daktari alimtazama mkewe kwa mshangao. "Kumbe mama unafika? Sisi tuliambiwa unaogopa hospitali." Akamfungulia faili la mwaka mmoja na miezi saba.

Mkewe hakulia pale. Alikwenda gereji na gari, akamwambia fundi alipige jeki. Fundi alitafuta jeki kwa muda mrefu kuliko inavyotafutwa jeki. Gari lilipoinuliwa mkewe aliinama na tochi, akaziona springi zilezile, zenye kutu, na ncha zake zilizokatwa vibaya na vijana wawili mwaka 1988.

"Hizi ndizo mpya?"

Fundi alikaa juu ya tairi. "Shemeji, aliniapisha."

"Na mimi siku ya ndoa niliapa na nani? Na ukuta?"

"Hatukuligusa gari. Liliinuka lenyewe. Alikuwa ameshapungua kilo ishirini na mbili."

Mtu ambaye hakumruhusu mama yake mzazi kuzidisha gramu arobaini alimpunja mkewe kilo ishirini na mbili, naye mke akashona shati la kushukuru. Familia ilipendekeza hapa iandikwe kwamba marehemu hakutaka kuwatia watu wasiwasi. Haikuandikwa hivyo kwa sababu si hivyo. Mkewe alisalitiwa, na mume, na mtoto aliyemzaa, na rafiki aliyekula mezani kwake, na kila mmoja wao alimtazama usoni akasema yote ni heri.

Binti alipoulizwa alisema, "Mama, baba aliniambia ukijua utaacha kumgombeza. Utaanza kumwonea huruma, na nyumba itakuwa kimya. Hicho ndicho alichokiogopa. Ugonjwa alikuwa ameshaukubali."

Lakini ile miezi kumi na tisa haikuwa yake peke yake. Ndani ya miezi hiyo mkewe alimwita mvivu kwa kushindwa kubeba zile mbao mbili. Alimnunia wiki nzima kwa kuacha nusu sahani. Angejua, asingenuna. Wiki hiyo hairudi, na aliyeichukua hakuomba ruhusa.

Marehemu alilazwa wiki tano na siku tatu. Mkewe alimwosha, alimlisha, alimkata kucha, na hakumwinulia sauti hata mara moja. Haukuwa wema wote. Marehemu alisema chai ni ya moto, akajibiwa, "Pumzika." Alisema mto umekaa vibaya, kwa makusudi, kama alivyozoea kuchokoza, akajibiwa, "Pumzika, baba." Siku moja alimshika mkono akasema, "Mke wangu, nigombeze hata kidogo." Mkewe alijua anaombwa nini. Alikuwa na maneno ya kujaza wodi. Akamfunika shuka mpaka kidevuni, akasema, "Wewe pumzika." Alitaka aonje ukimya alioukimbia, na alimwonjesha. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa ameshika miguu yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja na miezi saba.

Ameacha mjane, binti mmoja na mwana mmoja, wajukuu watatu, dada wawili na mdogo wake anayesoma hapa. Ameacha pia fundi wa gereji, rafiki wa zaidi ya miaka thelathini na mitano, ambaye mjane amekataa kumwondoa kwenye orodha hii na amekataa kumsalimia. Binti amesalimiwa jana.

Mjane anawashukuru wauguzi, majirani na wote waliofika. Anaomba kwamba mazishi yakiisha watu watangulie nyumbani, yeye aachwe hapa kwa muda, na atakayemsikia akipaza sauti asirudi kumshika.

Bwana Gramu apumzike kwa amani. Akisikia anagombezwa, ni mkewe.