Sampuli Haikumwagika

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya soko, kisha sekondari, na mwaka 1977 akapata cheti cha ufundi wa maabara ya mifugo.

Maabara moja tu ndiyo aliyoitumikia, miaka thelathini na minane, akipima damu na mate ya wanyama. Kila chupa aliiandika mwenyewe, akaisoma mara mbili kwa sauti. Mwaka 1983 alimwoa mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu.

Wengi wenu mlimjua kama Bwana Kumwaga. Jina hilo nililianzisha mimi, mdogo wake ninayewasomea hapa. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka kumi na sita.

Nilifuga mbwa mkubwa wa kijivu, nikijigamba kila kona kwamba baba yake ni mbwa mwitu. Agosti 2009 nilimpa kaka mate ya mbwa huyo ayapime, nikatangaza kwamba majibu yatasomwa siku wakwe watakapokuja kumposa binti yangu. Siku ilipofika, kaka akanivuta jikoni.

"Mdogo wangu, mbwa wote wametokana na mbwa mwitu wa kale, hata hako kadogo ka shemeji yako kanakolala kwenye kochi. Wako hana cha ziada. Tena wako na hako kadogo ni ndugu wa karibu."

"Utanivua nguo mbele ya wakwe!"

Akaenda sebuleni, akasema, "Jamani, mniwie radhi. Sampuli imenimwagikia."

Wakwe walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda, nikampachika jina palepale. Lilimfuata hadi kazini, hadi kwenye sherehe yake ya kustaafu mwaka 2015. Hakulikanusha hata siku moja.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Nilimtembelea hospitali mara nne nikiwa na maneno haya mdomoni, na kila mara niliishia kumuuliza kama amekula. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi. Jana shemeji alinikabidhi bahasha ya majibu. Bado imefungwa kwa gundi, na juu yake kuna jina la mbwa wangu kwa mwandiko wa kaka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, ambaye leo hana pa kuuweka uso.

Kaka hakumwaga hata tone. Nawaomba, mkimtaja kuanzia leo, mtajeni kwa jina alilopewa na mama. Lala salama, kaka yangu. Nisamehe.