Mama Taja Siku na Mwanamke wa Kumi na Tisa

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuzungumza na wajawazito redioni, mkunga wetu, Mama Taja Siku, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ukurasa huu wa jarida la kituo nimeachiwa mimi, msomaji wa meseji za wasikilizaji wakati wa likizo za shule, eti kwa kuwa siongei, basi lazima naandika. Nimekubali kwa sababu yangu. Kuna jambo nimeshindwa kumwambia kwa miaka miwili.

Alitoka wodi ya wazazi kuja kumshikia nafasi mtangazaji mgonjwa, wiki mbili tu. Hakurudi. Mwaka haukuisha, foleni ya kliniki ikafika getini, na waume waliozoea kusubiri nje wakawa wanaingia na kutaja dalili za hatari kabla wake zao hawajafungua mdomo.

Kila kipindi alikijaribu kwanza kwa dada wa usafi. Dada akikunja uso, karatasi inachanwa. Mimi, mwanafunzi wa sekondari anayesoma kwa Kiswahili na Kiingereza, nilimletea maneno magumu kutoka zote mbili. Niliandika "shinikizo la damu la ujauzito". Akaliangalia kama samaki wa juzi, akalikata, akaandika: presha.

Jina lake la utani lilitokana na kosa. Miaka kumi na sita iliyopita alirekodi kipindi cha Jumanne akisema, "Kesho asubuhi njooni kliniki mpimwe presha." Jumamosi kikarudiwa, na hakuna aliyekumbuka ile "kesho". Jumapili wanawake thelathini na mmoja wakakuta kliniki imefungwa. Mlinzi alimpigia simu. Akaja na kandambili miguuni na kipimo chake cha presha cha nyumbani. Akawagawia vikaratasi vya namba, akawapima kwenye benchi la mlinzi.

Wa kumi na tisa alikuwa amevimba uso, akisema ni kichwa tu kinamgonga, angesubiri hadi Jumatano, siku ya kliniki. Mkunga alimpima mara mbili, akasimamisha gari barabarani, akamfikisha hospitali mwenyewe, kisha akarudi kwa kumi na wawili waliobaki. Jumatatu aliomba radhi hewani. Kwenye kioo cha studio akabandika karatasi ambayo ipo mpaka leo: TAJA SIKU.

Kosa hilo huwasimulia watangazaji wote wapya, halifichi. Humalizia hivi: "Yule wa kumi na tisa sijui aliishia wapi. Nilirudi hospitali, nikaambiwa kahamishiwa ile kubwa." Mimi nimeyasikia hayo mara nne, na mara zote nne nimetazama viatu vyangu.

Mama Taja Siku, mwanamke huyo aliishia jikoni kwetu. Kile kikaratasi chenye namba 19 bado anacho, ndani ya kadi yangu ya kliniki. Nilizaliwa Jumapili ile ile, kilo moja na nusu, na sauti, wanasema, ya kutosha. Sijui ilienda wapi baadaye. Kila nilipotaka kukuambia, nilikusomea meseji nyingine.

Kipindi kinaendelea, umewafundisha wakunga watatu, na karatasi ya kioo haiguswi. Kwa niaba ya kituo kizima: asante. Upumzike kwa afya na furaha, miguu juu, redio karibu.

Wala hatusemi tutakuona kesho. Jumatano, tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi, tutabisha hodi kwako, mimi na wa kumi na tisa.