Injini Aliyoifunga Marehemu

Wanajumuiya, mnanijua mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Mwenyekiti kaniambia nifupishe. Nitajitahidi, ila nikianza kulia mnisubiri tu, msinikalishe, maana nikikaa sitainuka tena kusema.

Mnalijua lori letu dogo, lile linalobeba mahindi na ulezi kutoka Mwazye kuja sokoni Sumbawanga. Ndilo lililotusomeshea watoto. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na injini ya lori hilo ilipochoka hakumpa mtu mwingine. Aliishusha mwenyewe, pale uani kwetu Milanzi, akaitandaza juu ya turubai, akaanza kuiunda upya. Alikuwa na tabia moja: kila boliti akishaikaza anaitia nukta ya rangi nyeupe, ili asije akajiuliza tena kama ameikaza. Nilikuwa namtania kwamba anazipa chanjo.

Akaimaliza injini. Hata kabla hajairudisha garini na kuiwasha, alianguka bafuni. Kiharusi. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Msiba ulipoisha, rafiki yake, fundi aliyekuwa akifanya naye kazi, akaja kuirudisha ile injini kwenye lori. Akawasha, ikawaka. Ndugu zangu, nawaambia, nilipiga vigelegele peke yangu huku machozi yananitoka. Niliona kama mume wangu amenisemesha. Kufika jioni ile ile, injini ikawa inavuja oili.

Mjini hapa mnapajua. Maneno yakaanza, eti marehemu ameondoka kaacha kazi mbovu. Mtu aliyetengeneza magari ya nusu ya mji huu! Lile neno lilinichoma mpaka nikaacha kupita sokoni.

Yule rafiki yake, mimi namwita shemeji, akaanza kutafuta kinachovuja. Kwanza akashuku sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke. Akateremsha giaboksi, akaikuta sili mpya kabisa lakini ngumu, imepasuka pembeni. Akabadilisha. Bado ikavuja. Akakuta na pampu ya maji, mpya ya dukani, inadondosha. Akabadilisha na hiyo. Mimi nikawa natamba: mnaona sasa, ubovu ni wa vipuri, si wa mkono wa mume wangu.

Oili iliendelea kutoka. Ndipo shemeji akaiosha injini yote kwa dizeli, akaikausha, akainyunyizia poda ya mtoto, akaiwasha. Akaniita nije kuona. Oili ilikuwa imechora mstari kwenye ile poda, na mstari ulianzia juu, chini ya hedi, upande wa nyuma.

Akasema kwa upole kwamba hedi lazima ifunguliwe. Kwa msiojua, hedi ni lile pande kubwa linalofunika injini kwa juu. Na mikono ya mwisho kulifunga ilikuwa ya mume wangu. Nikakataa. Akajaribu kunielewesha, nikamwambia atoke uani kwangu. Ndiyo, mimi huyu mnayeniona na rozari. Nguo zake tulishazigawa. Kitanda nilishakihamisha. Kitu pekee kilichobaki kama alivyokiacha ni hicho, na sasa mtu anataka kukifumua!

Nikawa naongeza oili, naongeza maji, dereva ananung'unika, lori linakwenda linachemka. Siku moja likatukwamia kilimani tukitoka Mwazye, mahindi ya watu juu, mvua inanyesha na ile baridi yetu. Mama mkwe alikuwa nasi, tunampeleka kliniki. Alikuwa mle ndani, kajifunika khanga yake. Kisha akanigeukia.

"Mama," akaniambia, "mwanangu hayumo humo. Tulimzika, mimi na wewe."

Yeye ndiye aliyemzaa. Kama yeye aliweza kulitamka hilo, mimi nilikuwa nang'ang'ania nini? Kesho yake nikamfuata shemeji nikamwomba radhi. Akachukua tu spana zake, akaja.

Sikuondoka pale alipokuwa anafungua. Boliti za mbele zilimtoa jasho, ikabidi aongeze bomba kwenye spana. Alipofika zile za nyuma, zikaachia kirahisi, kama mfuniko wa chupa. Na zote zilikuwa na nukta nyeupe. Zote. Shemeji akaweka spana chini. Nikamuuliza, kwa nini azitie alama kama hakuzikaza?

"Alizikaza, shemeji," akasema. "Alikaza kwa nguvu zote alizokuwa amebaki nazo."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku zile alikuwa akiangusha vikombe. Alikuwa anakula kwa kushika kijiko mkono wa kushoto. Nilimuuliza, akasema ni uchovu wa kazi, nikaridhika nikaenda zangu jikoni. Kumbe mkono ulikuwa unamfia, naye anakaza, anatia alama, anaamini imeshika. Nilikaa chini pale pale kwenye grisi, nikalia kilio ambacho hata makaburini sikukilia.

Basi. Gasketi, ile inayozibia chini ya hedi, ikawekwa mpya, boliti zikakazwa, na lori linafanya kazi mpaka leo. Namshukuru shemeji, ambaye nilimfukuza na akarudi. Namshukuru mama mkwe. Nawashukuru ninyi mliokuja kulala chini nyumbani kwangu wakati wa msiba, na mliopanda kilimani na mvua ile kupakua magunia.

Waliosema alikuwa fundi mbovu, nimewasamehe. Alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Mkifika nyumbani leo, muulizeni kila mmoja mwenzake kama anaumwa. Akikwambia ni uchovu tu, usiende jikoni. Muulize tena.